Mwenyeji Hakuhesabiwa

Ijumaa ile nilikuwa namenya viazi katika chumba kilicho chini ya bweni, nalalamikia baridi, na Mira ananicheka.

"Wewe wa Tanga, hata mbele ya jiko unavaa koti!"

"Kwetu Ngamiani ukivaa koti unaulizwa una homa gani," nikamjibu.

Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari, Ukraine. Mira alikuwa katibu wa chama cha wanafunzi Wayahudi pale chuoni, na chumba kile kilikuwa chao. Kila Ijumaa jioni waliwasha mishumaa wakala pamoja, na mgeni yeyote alikaribishwa. Mimi nilianza kwenda kwa njaa, niseme kweli. Nguruwe hawali, kama sisi Waislamu, kwa hiyo sikuwa na la kuuliza.

Mira alikuwa anaandika historia ya chama. Zamani, kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, walikuwa na daftari la wanachama. Vita vilipofika, mwanafunzi mmoja asiye Myahudi, aliyekula nao kila Ijumaa, aliwapa askari wavamizi majina yote. Karibu wote waliuawa. Chama kilipofufuliwa, wakaweka mwiko: katika chumba chao, jina la mtu haliandikwi.

"Alikula viazi kama hivi," Mira akasema.

Nikatema mate kwenye ndoo ya maganda. "Mbwa yule! Mtu ale kwako halafu akuuze?"

Wiki iliyofuata mabomu yakaanza. Chumba kikawa kimbilio letu, hasa sisi wa mbali tusio na jamaa wa kutupokea. Mira angeweza kwenda kijijini kwa shangazi yake. Alibaki kutupikia. Tulilala juu ya mabenchi, vumbi la dari likitudondokea kwenye supu, na supu tukainywa hivyohivyo.

Jumamosi asubuhi akaja dereva wa kujitolea na basi dogo. Viti kumi na vinane. Akataka orodha, maana kwenye vizuizi askari walisoma majina, na asiyeandikwa aliteremshwa.

Siku ya Sabato hawaandiki, lakini kuokoa roho kunaruhusiwa, Mira mwenyewe alisema hivyo. Akaishika kalamu. Mkono ukakataa.

"Andika wewe," akaniambia. "Mimi na majina humu ndani, siwezi."

Nikaandika kama nilivyofundishwa na mama kuhesabu sahani: wageni kwanza. Kwetu mwenyeji hajihesabu, atakula kitakachobaki. Nikawaandika Wahindi, Wanaijeria, msichana wa Moroko aliyeumia mguu, wanafunzi wawili wa chama waliotoka miji mingine. Wa kumi na nane nikajiandika mimi.

Nikainua macho. Mira alikuwa amepiga magoti, anamfunga yule msichana kamba za kiatu.

Sikuwa nimemwandika.

Kalamu ilikuwa bado mkononi. Dereva alikuwa bado mlangoni. Ilitosha kukata jina moja, na nilijua ni lipi.

Nikampa dereva karatasi.

Mira alichungulia begani mwa dereva, akasoma, akacheka. "Umenisahau, wa Tanga!"

"Lo! Mira, nisamehe. Nimesahau."

"Haya, nendeni. Nitapanda lijalo."

Halikuja lingine. Siku ya tatu chumba kile kilipigwa, Mira akiwa ndani. Nilikuwa mpakani nimeshika kikombe cha chai nilipoisoma habari kwenye simu. Chai nikaimaliza. Hilo nalo linanichefua mpaka leo.

Nyumbani mama akaniandalia dua, sinia za pilau zikapangwa uani. Mjomba wangu, mzee wa heshima zake, akauliza nani aliniokoa. Nikamwambia ni Wayahudi, chama cha wanafunzi.

Akanivuta kando. "Hilo usilitaje mbele za watu, mwanangu. Sema Mungu amekuokoa, yatosha."

"Ndiyo, mjomba," nikasema. Mlangoni mama alikuwa anawapokea majirani kwa furaha: "Karibuni, karibuni! Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikatokea mlango wa nyuma bila kuigusa pilau. Wakasema ni uchovu wa safari.

Sasa mimi ni daktari, naishi Nguvumali, hapahapa Tanga, na wagonjwa wananiita mpole. Mwezi uliopita mmoja wa wale wawili wa chama aliniandikia. Wanaimalizia historia aliyokuwa akiiandika Mira. Alinishukuru kwa orodha iliyomwokoa, akaniomba nieleze ninavyokumbuka. Nikamweleza yote, na ule muda kalamu ilipokuwa mkononi.

Akanijibu kwa upole. Hofu ilikuwa kubwa siku ile, akasema, kila mtu angesahau.

Nikamwandikia kwamba sikusahau. Nilimwona kabla sijatoa karatasi. Nikamwomba aandike jina langu kamili katika historia yao, chini ya yule mla viazi niliyemtemea mate.

Hajanijibu.