Flaiwili Niliyoiita Takataka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimefika Ruiru na cheti changu cha ukarani kwenye bahasha, viatu nimevipiga rangi mpaka vinang'aa, na Stoo-kipa Mkuu wa kampuni ile ya malori hakukiangalia hicho cheti hata mara moja. "Fagia stoo yote," aliniambia, "na kila chuma utakachookota, niletee hapa mezani." Nilimletea nati, washa, springi za breki na vikorokoro vingine ambavyo sikuvijua. Akanitajia kimoja kimoja na kazi yake. Kesho yake aliviweka tena mezani, nami nikavitaja vyote bila kukwama. Nilikuwa mwepesi wa kushika mambo, na sioni haya kusema.

Nyinyi vijana wa leo mnatafuta spea kwa simu. Sisi tulikuwa na kadi. Kila kipuri kina namba yake, kila namba ina kadi iliyotundikwa kwenye rafu, na kikiingia au kikitoka unaandika hapo hapo. Nilishika kazi hiyo Ruiru miaka mingi, kisha mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapelekwa Thika, kwenye gereji kubwa, kusimamia stoo nzima. Wakaniita Mama Stoo. Fundi akija kwangu bila fomu nilimrudisha mbio, hata awe amelala chini ya lori tangu asubuhi. Sakafu yangu ungeweza kuilia chakula. Nilikuwa na maringo, lakini kazi niliijua.

Basi nyuma ya gereji kulikuwa na lori la jeshi la wakati wa vita vikuu vya pili. Baba yake Mkurugenzi alilinunua lilipotoka jeshini, akaanza nalo kubeba kahawa, na ndilo lililozaa kampuni. Sasa lilikuwa limechakaa, na kuku walikuwa wakitaga ndani ya kabini. Mkurugenzi akaamua liamshwe, litangulie malori mengine yote siku ya sherehe ya kampuni.

Kazi ilipewa Fundi Mkuu, Mzee Ramadhani, mzaliwa wa Thika, mtu mpole aliyebakiza miezi minne tu astaafu. Yeye alifungua injini, mimi nikatafuta vilivyopotea. Kabureta niliipata Ruiru kwa mkulima, imefungwa kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mlango wa kushoto niliukuta Mwihoko, umekuwa mlango wa banda. Mwenyewe akaniuliza, "Na kuku wangu walale wapi, Mama?" Nikamletea mbao nzuri kuliko huo mlango.

Ikabaki flaiwili. Hilo ni gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya injini. Ndilo linaloifanya injini izunguke bila kushtuka, na klachi hushika hapo. Bila flaiwili huna injini, una chuma tu. Meneja wa Gereji akatuita ofisini, mimi na Ramadhani.

"Mzee, flaiwili iko wapi?"

"Niliitoa mwenyewe mwaka juzi, nilipokuwa nalijaribu lori peke yangu, nikabadilisha meno yake. Nikaifunga kwa gunia, nikaipeleka stoo. Mama Stoo alikuwa ametoka kwa lanchi, nikaiacha nyuma ya mlango."

Meneja akanigeukia. "Mama Stoo?"

"Kwangu haikuingia," nikasema. "Kama iliingia, nionyesheni kadi."

Kadi haikuwepo. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuwa wakizungukazunguka Thika siku hizo, na Meneja akaona ameshapata jibu. Akamsimamisha Ramadhani kazi, na akamwambia wazi kwamba ikithibitika aliiuza, asahau kiinua mgongo. Mzee alivua ovaroli pale pale, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akaenda zake na shati.

Kwa wiki mbili nilitafuta. Mafundi walijaribu flaiwili ya lori lingine, matundu yakakataa. Nikachukua kadibodi, nikaibandika kwenye mwisho wa kranki, ule mhimili wa injini, inapofungwa flaiwili, nikatoboa alama za matundu yote sita. Moja limekaa kando kidogo ya wenzake, ili kitu kisifungwe vibaya. Nikazunguka na kadibodi yangu kwa kila muuza vyuma. Hakuna.

Asubuhi moja nikafika Kiandutu, hapo hapo Thika, kwa mafundi wa majiko. Wote walikuwa wakifulia bati juu ya vipande vya reli, isipokuwa mmoja anaitwa Karanja. Chuma chake kilikuwa mviringo, kina meno pembeni.

"Hebu inua nyundo kidogo, fundi."

Nikalaza kadibodi juu. Matundu sita yakakubali, na lile la kando likakubali. Haiya! Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka.

"Karanja, hii umeitoa wapi? Nani alikuuzia?"

Akanitazama, akacheka. "Kwani umesahau, Mama? Si ni wewe ulinipatia?"

"Mimi?"

"Ile siku mlikuwa mnasafisha stoo mkingoja wakaguzi. Nilikuja kuchukua mikebe ya oili. Nikakuuliza, na hii ya gunia? Ukasema, 'Beba, nitolee takataka yangu hapa.'"

Ngai! Nilikumbuka yote kwa mara moja. Nilikumbuka lile gunia nyuma ya mlango, na nilivyoona halina kadi, na nilivyopungia mkono bila hata kulifungua. Wakaguzi walinisifu sana siku ile. Nikakaa juu ya jiko ambalo halijakauka rangi.

Karanja alikubali kubadilishana na kipande cha reli, akanibebea flaiwili kwa wilibaro mpaka gereji. Sitajifanya malaika, nilifikiria kunyamaza. Ningesema nimeipata Kiandutu, basi, na Meneja angemalizia mwenyewe kwamba Ramadhani ndiye aliyeiuza huko. Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Lakini kila nikikumbuka ile ovaroli imekunjwa juu ya kiti, uongo huo ulinishinda.

Meneja alifurahi kuiona. "Safi sana, Mama Stoo! Sasa tumempata. Mzee aliiuza kwa nani?"

"Hakuuza. Ni mimi niliitoa. Bure."

"Wewe?"

"Mimi. Aliileta kama alivyosema, nikaiita takataka, nikasahau. Mrudishe Mzee kazini kwanza, halafu tuongee juu yangu."

Tuliongea, tena kwa sauti ya juu. Niliondolewa usimamizi, nikawekwa kaunta, chini ya karani niliyemfundisha mwenyewe kushika kalamu ya kadi. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuhudumia watu.

Ramadhani alirudi kesho yake. Alifunga boliti kwa kupishanisha, hii halafu ile inayoitazama, ili flaiwili ikae sawa. Ijumaa alichomeka hendeli mbele ya lori akazungusha. Mara ya tatu injini ikanguruma, moshi mweusi, halafu mweupe, halafu ikatulia vizuri kabisa. Mkurugenzi mwenyewe alipiga makofi kama mtoto. Niliona raha, maana vipuri vya lori lile nilivitafuta mimi. Ramadhani alipangusa mikono, akaja kaunta.

"Umemwambia Meneja," akasema.

"Nimemwambia, Mzee. Unisamehe."

"Twende kwangu. Bado mtu mmoja."

Tulienda Kiganjo. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa mlangoni anachagua mchele, sinia iko magotini. Nilimwambia nikiwa nimesimama: kwamba chuma hakikuibwa, kwamba nilikitoa mimi, kwamba mume wake alisema ukweli nami nikamkana mbele ya Meneja. Nilingoja anitukane. Hata hakunitazama. Aliweka sinia chini, akamgeukia mumewe.

"Baba Zuhura, nisamehe," akasema. "Hata mimi nilidhani ni wewe."

Mzee akaitikia kwa kichwa tu, akaingia ndani.

Nimestaafu sasa, na watu wakinitembelea wanataka kusikia habari za lori. Nawasimulia kwa fahari, maana halikukosa hata boliti moja siku lilipotoka getini. Flaiwili niliitafuta nikaipata. Lakini wiki mbili alizolala Mzee Ramadhani katika nyumba isiyomwamini, hizo sikuwa na mahali pa kuzitafuta.