Hatua Tatu za Fundi wa Bunduki

Fundi aliyehudumia bunduki nane za ndege ya Rubani Penhallow alikuwa mtu wa sauti ndogo na vidole vyeusi kwa grisi. Kila risasi aliipangusa kwa kitambaa, akaipuliza vumbi lisilokuwapo, ndipo akaipachika. Asubuhi ile Penhallow alirudi kiwanjani amezimaliza zote, na ndege ya mabomu ya Wajerumani imekwenda zake kama ng'ombe aliyeumwa na mbu.

"Nilikuwa karibu kabisa, yadi mia mbili!" alijitetea.

Fundi alichukua kindege cha mbao, mfano mdogo wa ndege ile ya Wajerumani. Akakiinua, akaanza kusogea mbali naye kinyumenyume. "Kikilingana kwa ukubwa na ulivyoiona kule juu, niambie, bwana. Kila hatua yangu ni sawa na yadi sabini za angani."

Kwenye hatua ya kumi Penhallow akasema, "Hapo."

"Mia saba hiyo, bwana." Akamkaribia mpaka zikabaki hatua tatu. "Hapa ndipo risasi zinapouma."

Kindege kilimjaa Penhallow machoni, akajikuta amerudi nyuma. Akaangua kicheko.

"Shujaa gani huyu, anakimbia kipande cha ubao! Haya fundi, zielekeze bunduki zote nane, risasi zikutane hapohapo. Mchana nikiruka tena, nitajitahidi nisikimbie."