Kindi na Kibuyu cha Mbegu

Nilitoka Kisumu asubuhi moja ya mwezi wa pili bila kujua ninakwenda wapi. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na mali yangu ilikuwa mashati mawili, blanketi na kisu cha kukunja. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita kwa sababu ambayo hata leo siwezi kuieleza vizuri. Baba alifanya kazi ya reli na tuliishi katika nyumba za reli, na kila nilipokaa kwenye dawati masikio yangu yalikuwa yanafuata honi za garimoshi. Asubuhi ile niliamka nikauona ukuta uleule, nikafunga blanketi, nikaondoka bila kumuaga mtu. Nilishika barabara ya Maseno kwa kuwa inapanda, nami nilitaka kuliona ziwa kutoka juu.

Kabla ya kufika Maseno nilikuta watu wanne wakikata mti mkubwa kando ya barabara. Nikasimama kuangalia, kama ninavyosimama kuangalia kila kitu, na msimamizi wao akanipa kamba nivute. Mti ulipoanguka, tawi moja nene lilipasuka, na kwenye tundu lake yakamwagika majani makavu, manyoya, na watoto watatu wa kindi. Mama yao alikuwa amelaliwa na tawi. Watoto wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu, ambaye macho yake yalikuwa yamefunguka siku hiyo au jana yake, alikuwa akitambaa juu ya unga wa msumeno, akitoa sauti nyembamba kama baiskeli isiyotiwa mafuta.

"Mtie chumvi, kijana," mmoja akaniambia.

"Huyo hata meno hayatamwona," mwenzake akamjibu, nao wakacheka.

Nilimwokota nikamtia katika mfuko wa shati. Sitajidai kwamba nilikuwa na huruma kuliko wao. Nilitaka tu kumwangalia vizuri baadaye. Lakini alipopata joto alinyamaza, akashika uzi wa mfuko kwa vidole vyake, akalala. Tangu hapo sikuweza tena kutembea kama mtu aliye peke yake.

Mchana ule niliteremka kuelekea upande wa ziwa nikiuliza kazi ya kulima. Mama mmoja alinikubali. Alikuwa mke mkubwa katika boma la wake wawili, na mume wao alikuwa kwenye mashamba ya chai ya Kericho, akitarajiwa kurudi mvua ikianza. Mimi nitayarishe shamba, yeye anipe chakula na mahali pa kulala. Mahali penyewe palikuwa jiko lake la zamani: kijumba cha udongo chenye paa la nyasi, sakafu ya udongo na kitanda cha kamba. Juu, kwenye pao, kilining'inia kibuyu kikubwa kilichozibwa kwa gunzi la mahindi.

"Hicho usikiguse," alisema. "Ni mbegu yangu ya karanga."

Nikaitikia. Habari za kindi sikumwambia. Sehemu zile kindi ni mwizi anayejulikana na kila mtu. Ukipanda, anafuata mstari nyuma yako akifukua mbegu moja moja. Kuomba ruhusa ya kumleta ndani ya boma la mkulima kungekuwa kumhukumu. Basi nikamficha, na kumficha kukawa ndiyo kazi yangu ya kweli. Jembe lilikuwa la kupitisha mchana.

Wiki ya kwanza nusura nimuue mwenyewe. Nilimpa maziwa ya ng'ombe matupu, kwa kidole, na siku ya pili akaanza kuhara. Mkia wake, ambao haukuwa mnene kuliko jani la nyasi, uligandamana. Akawa baridi mkononi mwangu. Sikuwa na wa kumuuliza, kwa hiyo nikazunguka: nilimwuliza mke mdogo wanafanyaje mtoto wa mbuzi akifiwa na mama yake. Akaniambia maziwa yachanganywe na maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, mara nyingi, na tumbo lisilale baridi. Akaniuliza ni mbuzi gani. Nikasema nauliza tu. Akasema hajawahi kumwona mwanamume mwenye maswali kama mimi, na kwamba nikioa, mke wangu atakimbilia kwao kwa sababu ya maswali.

Nilinunua utambi mpya wa koroboi. Nikauchovya katika maziwa yaliyopunguzwa makali, naye akaunyonya, akiushika kwa mikono miwili. Kila saa chache nilikuwa naliacha jembe na kukimbia jikoni kama mtu mwenye ugonjwa wa tumbo, na Mama alianza kunionea huruma kwa ugonjwa huo. Chupa ya maji moto niliifunga kwa soksi nikamlaza kando yake. Alipoacha kuhara nilikaa kitandani nikalia, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku niliyotoka nyumbani.

Kumbe kumponya ilikuwa sehemu rahisi. Alipopata nguvu, alitaka dunia nzima, na mimi nilikuwa na chumba kimoja. Nje kulikuwa na mbwa wawili, paka wa mke mdogo, na mwewe waliokaa kwenye miti wakihesabu vifaranga. Niliziba upenyo wote kati ya ukuta na paa kwa vipande vya gunia. Chini ya mlango nikaweka ubao. Asubuhi nikienda shambani nilimsikia akikwaruza mlango, na sauti ile ilinifuata hadi mwisho wa shamba. Nikirudi namkuta ametafuna kamba za kitanda, au blanketi, au magunia niliyozibia, na siku moja nikamkuta kichwa kiko nje ya ukuta na paka amekaa chini ametulia, anasubiri mwili ufuate.

Nilijaribu kila kitu cha kumshughulisha. Niliingiza matawi nikayaegemeza ukutani apande. Nikatundika kamba ya katani kwenye pao, nikamfungia gunzi mwishoni mwake, akaning'inia akizunguka hadi akaanguka kwa kizunguzungu. Kiberiti kitupu chenye punje moja ya mahindi ndani kilimpa kazi ya asubuhi nzima. Lakini kila mchezo aliumaliza kwa siku mbili, kisha anarudi mlangoni kukwaruza. Kucha moja ikang'oka, akatoa damu.

Ndipo nikagundua anachopenda kuliko vyote. Nilimpa karanga mbili za kukaangwa. Akala moja, ya pili akaichukua mdomoni, akazunguka chumba akitafuta, akaenda nyuma ya kitanda akaanza kuchimba. Udongo ulikuwa mgumu, ukamshinda. Akajaribu tena na tena, akiisukuma ile karanga kwa pua dhidi ya sakafu. Nilishindwa kuangalia. Nilichukua maji nikaimwagia ile pembe, nikailegeza kwa kisu. Akachimba, akafukia, akapigapiga juu kwa mikono yake kama mwanamke anayesawazisha unga kwenye kipimo. Siku ile hakukwaruza mlango. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda shambani nilimwagia pembe ile maji gizani, bila kuinama kuangalia, nikaondoka na amani, na nikirudi namkuta na udongo puani, amechoka, ametulia.

Mimi ni mtu wa mjini. Niliona mnyama anacheza. Sikujiuliza anafukia nini siku ambazo sikumwachia karanga.

Mvua ilikuja, lakini mume hakuja. Mashamba ya majirani yakaanza kuchipua na letu likabaki jeusi tupu. Mke mdogo alikuwa anapita mbele ya mlango wa mwenzake na jembe begani, akisema kwa sauti kwamba wengine watakula karanga na wengine watakula mvua. Nilimwuliza kwa nini asipande lake. Akaniangalia kana kwamba nimemwuliza kwa nini asitembee uchi. Akanieleza polepole, kwa sababu Kijaluo changu kilikuwa cha stesheni: katika boma hakuna mbegu inayogusa udongo kabla ya mke mkubwa kupanda, na mke mkubwa hapandi mume asipokuwa nyumbani. Anayetangulia analeta balaa juu ya nyumba yote. Nikafurahi kwa kujifunza jambo jipya. Nikaenda kulala.

Mume alifika siku ya tatu baada ya hapo, jioni, akiwa ameloa. Alfajiri Mama akaja jikoni kuchukua mbegu. Nilikuwa nimevaa suruali tu. Kindi alikuwa ndani ya blanketi. Mama akanyoosha mkono akakishusha kibuyu, nacho kikashuka haraka kuliko mkono wake ulivyotarajia. Akakitikisa. Gunzi la kuzibia lilikuwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba. Akakipindua, zikaanguka karanga tano au sita na maganda.

Akachukua koroboi akaanza kuangalia chini, na mimi nikamfuata kwa macho, na tuliona pamoja. Nyuma ya kitanda, kwenye pembe niliyokuwa naimwagia maji, kulikuwa na miche ya karanga, ya kijani, mizuri, mingine imekwisha kufungua majani manne.

"Nani amepanda?" akauliza.

"Mama, si mimi."

"Mume wangu alikuwa hajafika, nyumbani kwangu kumepandwa. Nani amepanda?"

Kabla sijajibu, mpandaji akatoka ndani ya blanketi, akapanda mguu wangu, mgongo, akakaa begani, akamwangalia.

Nimewahi kufukuzwa mahali pengi maishani, lakini sijawahi kuangaliwa namna ile. Mama hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na aliyemletea hofu hiyo ni mimi, niliyekula kwake wiki kumi. Nilianza kusema nitang'oa, nitalima bila chakula, nitakwenda kutafuta mbegu popote. Akaninyamazisha kwa mkono. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, ning'oe miche yote kwa mikono yangu, nisiache hata mzizi, nikaitupe mtoni, ng'ambo ya mpaka wa boma. La pili alilisema akimtazama kindi.

"Leo ni siku ya kupanda, siui kitu. Lakini mbwa hawajui leo ni siku gani. Nikimaliza kufagia uwanja nitawafungulia."

Niling'oa huku nikisikia ufagio nje. Nilivuta kwa haraka, miche ikakatika, nikachimbua mizizi kwa kisu. Kindi aliona nafukua hazina yake, akaja kunizuia, akawa anaurudisha udongo kila nilipoutoa. Nilimtia kwa nguvu ndani ya shati nikafunga vifungo hadi shingoni. Nilipotoka, mke mdogo alikuwa amesimama uwanjani na bakuli la mbegu zake. Alikuwa anamkopesha mwenzake. Mke mkubwa alipokea kwa mikono miwili bila kuinua uso, na hakuna mzaha uliosemwa. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko mbwa.

Miche niliitupa mtoni, nikashika njia ya Bondo kwa sababu ilikuwa mbele yangu. Mvua ikaanza saa nne na haikukatika. Nilitembea nimejikunja, blanketi juu ya kichwa, mikono yote miwili kifuani. Mwanzoni alinikwaruza hadi nikatoa damu. Adhuhuri akaacha. Nikasimama chini ya paa la duka lililofungwa, nikafungua kifungo kimoja: alikuwa amejikunja, ameloa, macho yamefumba nusu. Nikampulizia pumzi ya moto. Nikamwita, ingawa sikuwa nimempa jina. Hakuinua kichwa.

Bondo niliulizia mahali pa kulala mara mbili. Nyumba ya kwanza waliona shati langu limevimba kifuani wakafunga mlango. Ya pili ilikuwa na magunia ya mahindi hadi ukutani. Niliyatazama nikageuka mwenyewe. Ilikuwa jioni nilipofika kwa mzee mmoja fundi wa baiskeli, mwenye kibanda cha mabati na stoo nyuma yake. Moto wa makaa ulikuwa unawaka ndani ya karai. Sikumficha kitu tena. Nikafungua shati nikamwonyesha.

Akavaa miwani. "Nimewahi kumlaza mlevi hapa, na mhubiri mmoja," akasema. "Mhubiri ndiye aliyenisumbua. Huyu anasali?"

"Anakufa, Mzee."

Akaacha mzaha. Akalisogeza karai kwa mguu. Tulimkausha kwa pamba za kusafishia minyororo, zile safi, na mzee akatoa maziwa katika chai yake kabla hajaitia majani. Sikuwa na utambi. Nikapindisha kona ya shati. Ilichukua muda mrefu hadi mdomo ukashika kitambaa.

Stoo aliniachia nilale, na kesho yake nimsaidie kuziba pancha. Ilikuwa na ukuta wa mawe, mlango wa bati usiotafunika, na sakafu ya sementi. Hakukuwa na nafaka wala upenyo. Nilikuwa nimeomba mahali kama hapo kwa wiki kumi. Kindi akaamka, akazunguka chumba taratibu akinusa kuta. Mzee alikuwa amempa karanga moja. Hakuila. Aliichukua mdomoni, akaenda kwenye pembe, akaanza kukwaruza sementi.

Nilisikiliza kucha zile kwa muda. Kisha nikatoka nikamkuta mzee akifunga kibanda.

"Mzee, una karai jingine, bovu?"

"La nini?"

"La kutia udongo, achimbe."

Akanitazama, akatazama mvua, akaingia ndani kulitafuta.