Spana Kumi na Tatu

Kila Jumamosi jirani yangu hutandika shuka kuukuu kando ya pikapu yake na kupanga vifaa: koleo, bisibisi, nyundo, spana kuanzia ndogo hadi kubwa. Hukifuta kila kimoja, hata kilicho safi, kisha hulala chali na kuingia uvunguni, ikabaki miguu tu. Mkewe ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kigoda, akimpa alichotaja.

Jumamosi ya kwanza baada ya kumzika, mkono ulichomoza, mweusi kwa grisi, kiganja wazi.

“Kumi na tatu, mama watoto.”

Mkono haukurudi. Niliacha nguo kwenye beseni, nikainama, nikampa spana. Akaipapasa kwa kidole gumba.

“Hii kumi na nne, jirani,” akasema taratibu. “Yeye hakuwahi kukosea.”