Jirani wa Idi, wa Mtaa wa Matofali Mekundu

Sikuwa na homa siku ile, wala sikuwa nimesinzia. Ilikuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri, hapa hapa Kasongo, nami niko nje napepeta mchele. Ukitaka kucheka, cheka baadaye.

Mama yetu alikuwa ndani, miezi miwili hainuki kitandani. Mdogo wangu Idi anaishi Ujerumani, miaka kumi na moja sasa. Kila akipiga simu, akiniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, aliuliza, "Yaya, mama iko muzima?" Nami nilijibu, "Iko muzima, anakusalimia." Nilimficha. Nilisema moyoni, yuko mbali, atafanya nini?

Nilipoinua macho, bibi mmoja mzungu alikuwa ameketi kwenye benchi yangu. Nilidhani ni sista wa misheni. Lakini alivaa koti zito la sufu katika jua lile, na hakutoka hata tone la jasho. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha pete. Akanisalimia kwa Kiswahili cha kwetu, kama mtu aliyezaliwa Nyangwe.

"Unatoka wapi, mama?"

"Kwa Idi. Miye jirani yake."

Akanisimulia mtaa wao. Zamani za babu yake kilikuwa kijiji cha wakulima wa viazi, mji wakiuona kwa mbali. Kikaja kiwanda cha treni, kikala mashamba, kikajenga nyumba za matofali mekundu mstari kwa mstari, kila moja na bustani ndogo nyuma. Vita vikaangusha nusu yake. Yeye na mama yake waliokota matofali, wakayasafisha moja moja ili nyumba zisimame tena. Wakaja Waturuki kufanya kazi, kiwanda kikafungwa, wakaja watu wa kila nchi. Sasa jioni mtaa unanyamaza, kila mtu na mlango wake. Niamini, alivyoutaja ule mtaa, ungedhani anamtaja mtoto wake.

"Na Idi?"

"Jioni anasimama mu bustani yangu, anaangalia upande wenu. Anajua unamudanganya, anaogopa kuuliza. Mutoto wangu nilimuficha ugonjwa wangu. Alifika nimekwisha kuzikwa. Mwambie leo."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikaingia kumchotea maji. Nilipotoka, benchi tupu. Jirani aliyekuwa akifua ng'ambo ya njia akaniuliza nilikuwa naongea na nani.

Nilimpigia Idi saa ileile, nikaanza kumsimulia yule bibi. Sijamaliza, akauliza kwa sauti ndogo, "Mukono wake wa kushoto uko namna gani?" Nikamwambia.

"Tulimuzika juzi, yaya."

Ndipo nikamwambia habari ya mama. Alikuja kwa ndege mpaka Kindu, kisha pikipiki, akafika amejaa vumbi mpaka kope. Mama alimshika uso kwa mikono miwili. Walikaa pamoja siku tisa. Ya kumi tulimzika mama.

Idi amerudi kule. Juzi aliniambia nyumba ya bibi ina watu wapya, wameng'oa maua yake yote. Nililia, unaamini? Nalilia mtaa ambao sijawahi kuukanyaga, na kuna jioni nautamani kuliko hata huu wetu.

Wewe mwenye mtu wa mbali, usimfiche hali ya mzazi wake. Mimi alikuja marehemu kunikemea. Wewe huenda asije mtu.