Ng'ombe Waliotangulia Ulaya

Akiba yangu ilikuwa na pembe. Wenzangu wodini waliweka yao benki, wengine kwenye simu, wengine kwenye viwanja vya pale Bariadi mjini ambavyo kila baada ya muda viliibuka na wenyewe wawili wawili. Mimi niliweka yangu kijijini kwetu Shishiyu, kwenye zizi la baba, mahali ambapo hakuna riba ila kuna ndama. Mama alikuwa na msemo wake: benki inakata, ng'ombe anazaa. Nilimwamini mama kuliko meneja yeyote.

Nilianza kununua ng'ombe baada ya ndoa yangu kuvunjika. Kwetu Usukumani, mume akidai mahari yake na wazee wakaona ana haki, ng'ombe hurudi. Baba aliwarudisha wote. Niliwaona wakitoka zizini asubuhi, wakiswagwa kwenda kwa watu ambao sikutaka hata kuwasikia, na baba amesimama langoni na fimbo yake. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma. Angenigombeza ningemjibu, maana mdomo ninao.

Basi nikaanza. Mshahara wa muuguzi ni mdogo, lakini una vijukuu vyake: posho za zamu, malimbikizo yanayokuja mtu ameshayasahau, magunia ya mpunga niliyovuna kwenye shamba la kukodi. Kila fungu lilipotimia nilinunua mtamba mmoja nikampeleka Shishiyu. Baba alimpokea, akamkagua meno na kwato, akamwingiza zizini. Wapita njia wakasema, "Mzee anainuka tena." Mimi nikanyamaza, na baba akanyamaza. Nisingeweza kumvua nguo baba yangu mbele za watu. Miaka kumi na moja ikapita hivyo, zizi likajaa, na kijiji kizima kikawaita ng'ombe wa mzee.

Wakati huo nilikuwa najifunza Kijerumani kwenye simu kila nikitoka kazini, kwa sauti kubwa, mpaka wapangaji wenzangu wakadhani nagombana na mtu. Nikafaulu mitihani. Chuo kimoja kule Ujerumani kikakubali kunipokea nisome mwaka mmoja, nikimaliza niajiriwe na nikae moja kwa moja. Kikabaki kitu kimoja. Ubalozi ulitaka fedha ya kunitosha kuishi mwaka huo iwe imefika kwenye akaunti ya kule, kwa jina langu, kabla ya siku niliyopangiwa kwenda kuomba viza. Isipofika, nafasi inakwenda kwa mwingine, na kwa umri wangu wa karibu miaka arobaini sikutegemea kuitwa mara ya pili.

Nikaenda Shishiyu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo nikapiga magoti nilivyofundishwa, nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," akaitikia. Baba huniita mayu, yaani mama, na nikilisikia neno hilo najua moyo wake umetulia.

Nikamweleza yote. Baba mdogo, yaani mdogo wake wa mwisho, alikuwapo pia. Huyo hajawahi kukosa mahali panapozungumzwa ng'ombe.

"Kaka, hii hapana," akasema. "Mwanamke ana zizi wapi? Ng'ombe zikishaingia hapa ni za ukoo. Leo auze zote apeleke kwa Wazungu, kesho akirudi mikono mitupu tutamlisha nini?"

Mori ukanipanda. Nilitaka kumuuliza ni yupi kati ya wale ng'ombe aliyewahi kumnunulia hata chumvi. Baba akainua mkono kabla sijafungua mdomo. Akasema neno moja tu.

"Zitauzwa."

Hakusema za nani, nami sikuthubutu kuuliza.

Tukawaswaga mnadani. Kibali cha kuuza kiliandikwa kwa jina la baba, kwani kwa mtendaji wa kijiji mwenye zizi ndiye mwenye ng'ombe. Sikuona shida. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, ng'ombe wamenona, na wanunuzi kutoka Malampaka walishindana bei mpaka nikaona aibu kutabasamu. Walipopakiwa kwenye lori machozi yalinilengalenga, nikajikaza. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Fedha ikalipwa kwenye akaunti ya baba, na siku hiyohiyo akaihamishia kwangu. Nikajua nimemaliza. Kumbe!

Pale benki Bariadi, aliyeshughulikia fedha za kwenda nje alikuwa dada mmoja mpole, mgeni wa mkoa, aliyehamishiwa kwetu kutoka pwani.

"Karibu dada yangu. Fedha hii imetokana na nini?"

"Ng'ombe."

"Wa nani?"

"Wangu."

Akakitazama kibali, akanitazama mimi. "Hapa naona ni wa mzee."

Nikamsimulia habari yote, ndoa na mitamba na mpunga. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikaona kabisa kwamba ananiamini. Lakini akasema sheria inamtaka ajue chanzo cha kila fedha inayotoka nchini, na kwa karatasi zilizokuwa mezani, fedha ile ilikuwa ya baba. "Ila ni jambo dogo," akasema. "Mzee aje tu, aseme amekupa zawadi. Akishasaini, tunatuma."

"Siyo zawadi!" nikasema, mpaka foleni nzima ikageuka.

"Dada, fedha itakwenda ileile."

Ni kweli, ingekwenda ileile. Mtu mwenye busara angekubali, akanywa soda yake, akaenda zake. Mimi nikazikumbuka zamu zote nilizozalisha wake za watu huku miguu imevimba, na viatu nilivyotia viraka ili mtamba mmoja apatikane. Sikuwa tayari kuhama nchi yangu kama mtu aliyepewa nauli. Nikamwambia yule dada kwamba baba atakuja na atasema ukweli, nikatoka kwa kishindo. Nilipofika nje ndipo nikatambua kwamba sikuwa na hakika hata kidogo. Zizi lile ndilo lililomrudishia baba heshima yake, na sasa alitakiwa kutamka mbele ya watu kwamba halikuwa lake. Akisema zawadi, nitasafiri na uchungu moyoni. Akisema mali ya ukoo, sisafiri kabisa.

Nikampigia simu, nikamwambia benki wanataka kujua ng'ombe walikuwa wa nani. Sikumfundisha jibu. Kama neno hilo lilikuwamo ndani yake, nilitaka litoke lenyewe.

Walikuja wawili. Baba alivaa koti lake la kanisani. Baba mdogo hakuna aliyemwita, lakini alitangulia kuingia, tumbo mbele, akachagua kiti kizuri. Mimi nilisimama nyuma yao.

"Shikamoo mzee," yule dada akasalimia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, hii ni fedha ya ng'ombe uliouza. Naomba uniambie, mwenye ng'ombe alikuwa nani?"

Baba mdogo akakohoa. "Hizo ng'ombe, dada, ni za..."

"Nimeulizwa mimi," baba akasema, bila kumgeukia.

Akavua kofia akaiweka gotini. Alisema taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja, asije akakosea.

"Ile nyeusi yenye baka jeupe ndiyo ilikuja kwanza. Ililetwa na huyu, mwenyewe amekonda kuliko ng'ombe. Zikafuata zingine. Kila moja naijua ilivyoingia, na kila moja imeletwa na huyu. Mimi sijanunua hata mkia. Watu walisema ni zangu, nikawaacha waseme, ilikuwa tamu kusikia." Akaonyesha karatasi kwa kidole. "Mimi nilikuwa nachunga. Andika hivyo, mwanangu. Andika huyu mzee alikuwa anachunga ng'ombe za binti yake."

Yule dada aliacha kuandika akamtazama. "Kwa hiyo siyo zawadi, mzee?"

"Zawadi ya nini? Mtu anapewaje kitu chake?"

Nilipiga kigelegele. Ndani ya benki, mchana kweupe, nimevaa sare ya kazi, nilipiga kigelegele cha arusi, na wanawake wawili kwenye foleni wakakiitikia bila kujua sherehe ni ya nani. Mlinzi akaja mbio. Baba akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Huku niliko sasa nikiingia benki nakaa kimya kama wenyeji, lakini kila nikiikumbuka siku ile natamani kupiga kingine. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata hata siku nilipovikwa shela.

Baba akasaini. Shilingi zangu zikabadilishwa kuwa yuro, na kwa ushauri wa yule dada nikaongeza kidogo, kwa sababu kuna benki za katikati ambazo nazo hutaka kuonja. Nikamwambia "wabeja", yaani asante kwa Kisukuma, naye akaitamka vibaya kwa moyo mzuri. Tulipotoka nje, baba mdogo alitembea hatua chache akiwa amenuna, kisha akasema basi angalau tunywe soda. Nikamnunulia, na chipsi mayai juu yake. Aliyeshinda ana kinyongo gani?

Zikafuata siku za kungoja. Ngoja ngoja yaumiza matumbo. Kila simu ilipolia wodini niliruka. Halafu mchana mmoja, nikiwa nampima mama mjamzito shinikizo la damu, ujumbe ukaingia kwa Kijerumani. Niliusoma mara mbili, nikamwomba radhi yule mama, nikaenda kusimama nyuma ya jengo, penye kamba za kuanikia mashuka. Nikampigia baba.

"Baba, zimefika."

"Zote?"

"Kidogo imeliwa njiani, lakini nilikuwa nimeongeza."

"Safari ndivyo ilivyo," akasema. Kwa mara ya kwanza nikaogopa kuondoka. Lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kawaida, ya mtu anayetoa maagizo ya asubuhi.

"Basi zifuate, mayu. Ng'ombe hazikai bila mwenyewe."