Siku Nilipomwacha Baba Nikaenda Kutazama Chatu

Enzi zetu hapa Bariadi, mshindi hakupatikana kwa simu. Alipatikana kwa miguu. Pamba ikishavunwa, vyama viwili vya ngoma vilikutana uwanja mmoja kule Dutwa, kimoja upande huu, kingine upande ule, vikacheza kwa wakati mmoja. Watu walisimama walikopenda. Jua likianza kushuka, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Basi. Hakukuwa na mshereheshaji wa suti inayometameta, wala bahasha, wala mtu kupiga kura akiwa amelala kwenye kochi kama hawa watoto wetu, wanaochagua mshindi wa tamthilia ambayo hawajaitazama hata dakika tano.

Nasema kwa hasira, nisiwafiche. Jumamosi tulijazana sebuleni kwangu kutazama tuzo za televisheni. Kabula, binti wa kaka yangu, mtoto aliyekulia hapahapa kwa michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando, alikuwa anawania tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Anaigiza mjane anayenyang'anywa shamba. Kura nilimpigia, tena kwa simu tatu! Wakamtaja msichana wa tamthilia nyingine, ile ya matajiri wenye ngazi ndani ya nyumba. Nikarusha kanga yangu huko. "Wameiba!" nikasema. Jirani yangu Mama Shija akasema yule binti lazima ana mganga wake. Tukakubaliana papo hapo.

Kesho yake asubuhi, napepeta mchele, bado nanung'unika, nikamkumbuka marehemu baba.

Baba alikuwa mcheza ngoma ya majembe. Alirusha jembe juu, likazunguka, akalidaka bila hata kuliangalia. Mwaka ule nilikuwa na miaka kama tisa. Mama alinipaka mafuta mpaka miguu inang'aa, akanifungia michembe kwenye kitambaa, akaniambia, "Leo usibanduke upande wa baba yako." Nikasimama mbele kabisa, vumbi puani, njuga zinalia mpaka kifua kinatetemeka. Mara upande wa pili ukalipuka kelele. Mtu amejizungushia chatu mzima shingoni! Wenzangu wote wakatimua mbio kwenda huko. Nikajiambia, naenda kuchungulia kidogo tu.

Nikachungulia mpaka jua likaanza kushuka. Nilipogeuka, upande wa baba walikuwa wamebaki wazee wachache na mama. Baba alikuwa bado anarusha jembe, jasho linamtiririka, kana kwamba uwanja umejaa. Sijawahi kujisikia vibaya vile.

Njiani kurudi nyumbani watu walilalamika kwamba wenzetu wametumia dawa ya kuvuta watu. Baba akasema, "Dawa gani? Wana chatu." Mimi nikaangua kilio. "Baba, na mimi nilikwenda." Akasimama katikati ya njia, akacheka mpaka akashika magoti. "Ng'wanone, mwanangu, hata mimi nilikuwa nachungulia! Mwakani nitakurudisha."

Mwaka mzima alifanya mazoezi nyuma ya zizi, ng'ombe wakimshangaa. Msimu uliofuata alirusha majembe mawili kwa mpigo. Sikubanduka, na safari hiyo hakuna aliyenikataza kubanduka.

Basi ungo ukanisimama mikononi. Tamthilia ya Kabula huanza saa moja na nusu jioni. Ile ya matajiri nayo saa moja na nusu. Na mimi saa hiyo huwa wapi? Jamani, mimi najua mpaka jina la mbwa wa wale matajiri! Yule mjane wetu niliachana naye tangu siku anamzika mumewe. Nawasema watoto wa kwenye kochi, kumbe kochi ni langu.

Zamani aliyekuacha ulimwona mgongo. Siku hizi mtu anakuacha akiwa nyumbani kwake, halafu anakupigia kura na pole anakupa. Naikumbuka sana ile haki ya uwanja wa Dutwa.

Mchana Kabula akapiga simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Wamekuonea, mwanangu, wamekuonea kabisa."

"Hivi kipande cha juzi ulikionaje? Nilipopata barua ya mahakama?"

Ningeweza kudanganya. "Kabula, saa moja na nusu mimi huwa kule kwa matajiri."

Moyo ukanidunda kama nina miaka tisa. Kisha akacheka, kicheko kilekile cha babu yake, nikahisi machozi yananilenga.

"Hata mimi, shangazi, naangaliaga marudio yao! Yule dada anajua kazi. Nimekaa namsoma. Msimu ujao tunaanza kurekodi mwezi huu, na nina jambo sijawahi kulifanya mbele ya kamera."

"Basi kuanzia leo nahamia kwako."

"Usihame," akasema. "Usinihurumie. Kaa hapohapo mpaka nikutoe mwenyewe."

Basi nipo hapahapa kwa matajiri. Rimoti nimeiweka mapajani, nasubiri kutolewa.